Josefina na Sindano za Migombani

Marehemu Josefina Niyomugabo alizaliwa tarehe 3 Mei 1979 huko Kirushya, wilayani Ngara, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Methusela na Mama Rozina. Alimaliza darasa la saba hapohapo Kirushya mwaka 1994, kisha akajifunza kushona.

Tarehe 11 Agosti 2001 alifunga ndoa na Gozbert, akahamia Bisibo, Biharamulo. Alifika ukweni na machipukizi ya migomba ya kwao, akidai ndizi za Biharamulo hazina ladha. Wakwe walimcheka, baadaye wakaja kuomba mbegu.

Shamba lake alilirutubisha kama sote tunavyofanya, kwa kumwaga takataka kwenye mashina. Jirani mwenye duka la dawa akawa anampelekea magunia ya takataka za dukani, naye akishukuru. Humo mlikuwa na sindano zilizokwisha kutumika. Julai 2019 watoto waliokota bomba la sindano wakawa wanarushiana maji. Sindano ikachomoka, ikamwingia mwanawe Erasmus, wa miaka sita, jicho la kushoto. Jicho lilijaa usaha, likatolewa Mwanza.

Josefina alimwendea yule bwana, akamkuta anatafuna karanga.

"Mama Erasmus, takataka ni takataka," alimjibu. "Mgomba hauchagui."

"Mwanangu si mgomba," alisema Josefina.

Wiki iliyofuata gunia jingine la dukani kwake lilimwagwa kwa jirani mwingine, pamba zake zikinuka damu za watu. Tangu hapo Josefina alipita shamba hadi shamba na koleo na dumu, akiokota sindano. Wengine walimwita kichaa, na magunia wakaendelea kuyapokea.

Mwaka jana aliugua kansa ya ini. Januari hii, mhudumu aliyekuja nyumbani kumdunga dawa ya maumivu alipomaliza aliirusha sindano dirishani. Josefina, aliyekuwa hawezi hata kukaa, alijikokota nje kwa magoti, akapapasa kwenye nyasi mpaka akaipata. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 19 Januari 2026.

Ameacha mume, mama mzazi, na watoto wanne wenye macho saba.

Mchele ulioletwa msibani na mwenye duka la dawa umerudishwa. Mwenyezi Mungu ampe Josefina pumziko ambalo sisi majirani na ndugu zake tulimnyima.