Duop Gatwech na Ugonjwa Usioambukiza

Wachungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa mtaa wetu wa New Site hapa Juba, mimi ni Nyakuoth, dada wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na ninaomba mnisikilize hasa nitakapofika kwenye ugonjwa, kwa sababu hapo ndipo mengi yamesemwa yasiyo kweli.

Ndugu yetu Duop Gatwech alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Nasir, kusini mwa Sudan, mtoto wa pili wa Mzee Gatwech na Mama Nyagach. Vita vilitufukuza, tukafika kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1993, ambako alisoma msingi na sekondari hadi 2006, na ambako alishinda na mbwa wa kambini, akila nao na kulala nao, mama akigomba bure.

Alirudi nchini Agosti 2011, akakaa Juba, akafungua karakana ya kuchomelea mageti mtaa wa Hai Cinema, akafunga ndoa na Akuol tarehe 8 Juni 2013, wakajaliwa Thok mwaka 2014 na Anyieth mwaka 2018. Alikuwa mtu wa maneno mengi, chai yake ilipoa kila siku kwa sababu ya mazungumzo.

Mwaka 2021 mgongo ulianza kumuuma, Machi 2022 tukaambiwa ni TB ya uti wa mgongo, akameza dawa mwaka mzima bila nafuu, na kufikia 2023 miguu ilikataa kabisa. Tangu hapo dunia yake ikawa chumba kimoja, dirisha moja, na hata hilo dirisha watu walipita mbali nalo, watoto wakakatazwa kucheza na Thok. Aliwasikia wakikatazwa, naye hakuweza hata kujigeuza atazame ukuta.

Tarehe 6 Februari 2024 Daktari Wani, msomaji wa picha za ndani ya mwili, alitazama picha mpya ya MRI, akaona mfupa umejaa vifuko vya maji vilivyoshikana kama zabibu, si kawaida ya TB, akamuuliza kama aliwahi kuishi na mbwa. Vipimo vya damu kutoka Nairobi vilithibitisha kwamba ni mnyoo wa mbwa, yai lake alilimeza utotoni, likakua polepole ndani ya mfupa miaka yote ile. Duop alicheka, halafu akalia, akaniambia, "Nyakuoth, ambia watu hii kitu haiambukizi." Tuliwaambia, mkaitikia kwa adabu, mkaendelea kupita mbali.

Alipasuliwa Nairobi Mei 2024, lakini vifuko vilikuwa vimeenea mno, akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2025.

Tunamshukuru Daktari Wani na wauguzi, tunawashukuru mafundi wa Hai Cinema waliowalisha watoto, na ninyi majirani, ambao sufuria zenu za chakula tulizikuta nje ya geti kila Jumapili, asanteni sana, ingawa mwenyewe alitamani mngebisha hodi.

Mnyoo huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu, haukuwahi, na hata leo hautatoka. Ninawaona mliosimama barabarani ilhali viti vipo. Jeneza liko wazi, Akuol yuko kando yake peke yake, na familia imekubaliana kwamba halitafungwa mpaka mmoja wenu aje amshike Duop mkono.

Upumzike kwa amani, Duop, mtoto wa mama yangu, sisi tunasubiri.