Kikombe cha Kijani cha Kefa

Kijiwe hiki cha Ipagala kina benchi moja, ubao juu ya matofali, na ndoo moja ya kusuuzia vikombe. Ukimaliza kahawa, kikombe kinazama ndooni, kinaibuka, kinakwenda kwa mwenzio. Hiyo ndiyo sheria tangu benchi lilipokuwa mti. Asubuhi hiyo Kefa, aliyechimba dhahabu ujanani na sasa anafyatua tofali, alikuta Batuli muuza kahawa amemtengea kikombe cha plastiki, cha kijani, mwisho wa benchi. Kikombe hakikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana kiliuma.

— Mmeambiwa nini? — aliuliza.

— Kwamba una TB ya mtondogoo — alijibu Ludovick, dalali wa viwanja aitwaye Ramani.

— Sina. Jana nilipiga eksirei kwenye lile gari la kupima TB mtaani, nikatoa na makohozi. Leo niko safi. Ila kompyuta imeona kovu pafuni, ikasema mwenye kovu kama hili huenda akaugua baadaye. Niwe narudi kuangaliwa. Na TB yenyewe haipiti kikombeni, inapita hewani.

— Hewa ni ya wote, Kefa — alisema Ramani. — Kikombe ndicho kina mwenyewe.

— Huenda! — alisema Hasani, akakohoa, akapangusa mdomo. Huyu ni mfanyabiashara wa kunde kutoka Busi. Kijiwe kilimpa cheo cha Profesa, hakijapata namna ya kumvua. — Huenda ni neno la mganga. Mashine inapiga ramli kwa umeme.

— Basi iulizwe mvua ya Mlali — alisema Ramani. — Alizeti yangu inasubiri jibu.

— Mvua jambo dogo — alisema Profesa. — Wapigwe eksirei wagombea, tuone kifuani ahadi ipi itakufa mwaka wa pili.

— Na wachumba — alidakia Batuli akimimina. — Tuone kovu la mke aliyeachwa Kondoa.

Profesa alicheka mpaka kikohozi kikamkata pumzi, akashika goti la Ramani.

Kefa aliipapasa kadi ya kliniki mfukoni. Angenyamaza jana alipotoka garini, leo angenyweshwa kama binadamu.

— Nikiichana hii kadi, nitarudishiwa kikombe changu?

— Papo hapo — alisema Profesa. — Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Na ukuta unapandisha bei ya kiwanja — aliongeza Ramani.

Kadi ilikuwa imeshatoka mfukoni, vidole viwili kila upande, alipofika Generosa, fundi cherehani aliyehamia mtaani juzi.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu kahawa.

Aliketi, akasikiliza, akamgeukia Profesa aliyekuwa anakohoa tena.

— Baba, hicho kikohozi kina muda gani?

Ramani alihesabu kwa vidole, akapoteza hesabu. Batuli alikumbuka kwamba aliponunua birika hili jipya, Profesa alikuwa anakohoa. Kefa alikumbuka kabla ya birika.

Kisha Profesa Hasani, bila kuambiwa na mtu, alinyoosha mkono kukichukua kikombe cha kijani.

Kefa alikiwahi.

— Hiki changu — alisema, akairudisha kadi mfukoni. — Wewe maliza chako, twende. Gari la eksirei linaondoka saa sita, na foleni yake naijua.