Dada Aliyekataa Kukata Karatasi

Zamani ishara za redio kutoka kwenye nyota zilisomwa kwa macho na penseli, karatasi ikiwa imetandazwa sakafuni. Leo kompyuta ndiyo inayosoma, na wenye macho hawatazami.

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1969. Mimi kaka yake sikupelekwa shule. Nilisoma vitabu vyake alipovimaliza, naye alinisahihisha bila kunicheka.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye kituo cha darubini ya redio, kukagua karatasi za mashine iliyochora mawimbi. Alivua viatu asizichafue. Tarehe 6 Agosti 1977 aliolewa na fundi umeme wa kituo hichohicho.

Mwaka 1983 aliona mpigo unaojirudia kila dakika ishirini na mbili. Mkuu wa kituo akacheka: "Bibie, hilo ni jiko la umeme la chumba cha chai!" Marehemu akachomoa waya wa jiko, akaweka kiti mbele yake, akakaa akililinda siku tatu. Wenzake wakala chakula baridi.

"Fundi, mkeo atatuua!"

"Mimi mwenyewe nakula baridi, nimwambie nini?"

Mpigo ukaja vilevile. Mkuu akaandika "kelele" daftarini, akamwamuru akikate kipande cha karatasi chenye mpigo huo na kukitupa, kama ilivyokuwa desturi. Alikataa, akanyimwa cheo hadi alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka juzi watafiti, kwa kompyuta, waliukuta mpigo huohuo: unatoka kwenye nyota iliyokufa, iliyoshindiliwa ikawa ndogo kama dunia huku uzito wake ukikaribia wa jua. Sifa zikaenda kwa kompyuta. Marehemu aliwaandikia wakuu wa kituo ombi moja tu: daftari lisahihishwe.

Figo zilimsumbua miaka mitatu. Alifariki tarehe 2 Juni mwaka huu. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mimi niliyetarajia kutangulia. Mola ampe pumziko jema.

Mara ya mwisho kumwona, siku tatu kabla, nilimpelekea hospitalini nakala ya ukurasa ule wa daftari. Hatimaye watu wa kituo walikuwa wameituma. Akavaa miwani yangu.

"Kaka, neno lile wamelipaka wino hadi halisomeki."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Wangepiga mstari mmoja tu. Watakaokuja wajue tulikosea wapi. Hebu andika hapo pembeni: hapa paliandikwa 'kelele'."

Nikaandika. Akatia sahihi, akanirudishia kalamu.