Inchi Kumi na Nane za Mzee Futi

Kijiwe chetu ni benchi moja la watu wanne, limeegemea kibanda changu cha kushona viatu. Ng'ambo ya kinjia ni nyumba ya Mzee Futi, seremala mstaafu anayepima kila kitu kwa futi, hata usingizi wake. Ua wake ni mfupi na pikapu yake ni ndefu, kwa hiyo miaka ishirini na miwili mkia wa gari ulikuwa unatokeza nje ya geti, na geti halikuwahi kufungwa. Sisi hatukulalamika. Mlango wa nyuma wa ile pikapu ukishushwa ndio ulikuwa meza yetu ya kahawa. Sasa asubuhi hiyo wenzangu wakafika na kukuta meza hakuna. Geti limefungwa, ndani grinda ya kukatia chuma inalia, muuza kahawa ameweka birika chini kwenye vumbi, na nafasi ya Mzee Futi kwenye benchi, ile ya mwisho kushoto, iko wazi wiki ya tatu.

Redio ndiye aliyeanza. Alikuwa mpiga debe wa stendi. Yeye amestaafu, sauti bado.

Redio: Jamani, hili geti mmewahi kuliona?

Kamusi: Tunaliona kila siku.

Redio: Ulikuwa unaona mgongo wake, limefungwa waya ukutani. Uso umeuona leo!

Alisema kweli. Upande wa nje ulikuwa umelalia ukuta miaka yote hiyo, na rangi yake ya kijani ilikuwa mpya kama ya jana. Katikati ya mbao Mzee Futi alikuwa amechonga vikombe viwili vinatazamana. Nilivitazama mpaka nikasahau kiatu cha mteja mkononi.

Kamusi: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Redio: Kimya gani? Husikii hiyo grinda?

Kamusi: Ndiyo huo mshindo wenyewe.

Kamusi ni kinyozi. Anajua methali zote, ila hajui zinakaa wapi.

Redio: Mimi nawaambia, mzee anaingia mashindano. Gari fupi linakata kona vizuri. Pikapu ya zamani, imekatwa bodi, imepigwa rangi upya? Vijana watalia machozi.

Kamusi: Ndiyo maana wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

Redio: Gari lina miaka arobaini na tano! Ubichi wake uko wapi?

Kamusi: Methali haiulizwi umri.

Mimi: Kunyweni kahawa, inapoa.

Redio: Tutainywaje? Kuinama mpaka chini, kuinuka, kuinama. Nimekuja kijiweni au nimekuja kulima?

Kwa wiki tatu, kabla geti halijafungwa, nilikuwa naona kila alichofanya Mzee Futi. Alianza kwa kung'oa mbao za sakafu ya bodi, moja moja, kila moja akaiandika namba kwa chaki. Akapima siku nne nzima. Akakata ubavu wa kulia na wa kushoto, mbele ya gurudumu, akatoa kipande cha inchi kumi na nane kila upande, akasogeza vipande viwili vikakutana. Ule mstari uliobonyezwa kwenye bati toka kiwandani haukukutana sawasawa. Ulipishana kwa unene wa ukucha. Mtu mwingine angepaka pati akafunika. Yeye alikata pale alipochomelea, akarudia. Akarudia tena. Kwa chesisi na shafti alimwita fundi wa magari, akasimama nyuma yake na rula mpaka yule fundi akamwomba akae chini.

Wakati wote huo hakuja benchi hata mara moja. Nilikuwa nikimpungia mkono, naye ananipungia nyundo. Nilimkumbuka sana, nisifiche.

Kamusi: Mimi naona ni suala la afya.

Redio: Afya ya nani?

Kamusi: Ya mzee. Mtu akizeeka anafupika. Hujaona suruali zake zinavyoburuza siku hizi? Yeye anashuka, gari limebaki na urefu wake wa ujana. Limemtisha. Kaamua washuke pamoja.

Redio: Basi na wewe kikate kile kiti chako cha kunyolea.

Kamusi: Mimi bado nakua.

Redio: Hapana, sikiliza. Ile bodi kaipunguza uzito. Mbao kazipiga randa zimekuwa nyepesi. Na vile vipande alivyokata umeviona vikitoka? Hujaviona. Viko ndani. Vipande viwili, kulia na kushoto. Kitu gani kina bati kulia na bati kushoto?

Kamusi: Usiniambie.

Redio: Ndege! Anaunda ndege. Siku moja utasikia vuuu, paa limeondoka, mzee huyo, anakwenda zake kwa Shemeji.

Hapo akakatika kama mtu aliyekanyaga mwiba. Jina hilo lilikuwa halijatajwa benchini miezi minane. Shemeji ni mke wa Mzee Futi. Aliondoka asubuhi moja na begi, bila ugomvi, bila kelele, akaenda kukaa kwa binti yao mbali. Tangu siku hiyo sisi tukawa tunazungumza habari za mpira.

Kamusi alinywa kahawa iliyokwisha kwenye kikombe. Muuza kahawa akatazama pembeni. Grinda ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikaona nisiposema siku hiyo sitasema tena.

Mimi: Anakata kwa ajili ya Shemeji.

Redio: We umejuaje?

Mimi: Shemeji aliniachia ujumbe. Asubuhi ile anaondoka, mkanda wa begi lake ulikatika hapa hapa mbele ya kibanda. Begi la kahawia. Nikaushona kwa uzi mweusi, wa kahawia sikuwa nao. Akaniambia, "Shemeji, akikuuliza nilikokwenda, niko kwa mwanangu. Akikuuliza narudi lini, mwambie siku geti langu likifungwa."

Redio: Sasa ulimwambia lini?

Mimi: Wiki tatu zilizopita.

Redio: Mwanamke kaondoka miezi minane!

Mimi: Mzee hakuuliza! Aliniambia akiuliza. Nikangoja aulize.

Kamusi: Mtu mzima na akili zako, ukangoja swali?

Mimi: Nikangoja. Yeye anakaa pale kushoto, mimi hapa. Anatazama geti, mimi natazama kiatu. Kila siku nasema, leo atauliza. Nikadhani nikimwambia bila kuulizwa nitamwaibisha. Mpaka siku ile kaniletea viatu vya Shemeji vya nyumbani, vilibaki uvunguni, soli imeachia. Nikamwambia, mzee, hivi avae nani? Akasema, "Akirudi asivikute vimechanika." Jamani, nikashindwa. Nikamwambia yote. Akasimama, akaacha kahawa yake nzima, akaenda kuchukua rula.

Redio alijaribu kushusha sauti, ikawa sauti ya mtu wa kawaida.

Redio: Lakini si aliwahi kutaka kulikata zamani? Mwaka ule wa mafuriko?

Mimi: Alitaka. Alishachora hadi mistari ya chaki.

Redio: Nani alimkataza?

Tukatazamana. Muuza kahawa akasema neno lake la kwanza na la mwisho siku hiyo: "Nyinyi."

Redio: Mimi nilisema tu, ukilikata, birika tutaliweka wapi.

Kamusi: Mimi nilimpa haraka haraka haina baraka.

Mimi: Mimi nilisema mwanamume hapangiwi gari.

Tulisema hayo tukiwa tumeegemea mlango wa nyuma, vikombe mkononi, na Shemeji yuko hatua sita kutoka kwetu anapepeta mchele. Alisikia yote. Alikuwa anasikia kila kitu, na sisi tunaona kila kitu. Akianika nguo tunazijua. Akipika tunamwambia chumvi haitoshi, hata hatujaonja. Akimwita mumewe, tunaitika sisi. Mke wa watu alikaa miaka ishirini na miwili katikati ya kijiwe, na kitu pekee alichoomba ni kufunga mlango wake.

Kamusi: Na sasa limefungwa. Yeye kajuaje?

Mimi: Jana jioni, mzee alipotia komeo, nilimpigia binti yao. Safari hii sikungoja kuulizwa.

Redio: Akasemaje?

Mimi: Akasema atamwambia mama yake. Akakata.

Redio: Ndiyo hivyo basi. Miezi minane, bwana. Mwanamke aliyezoea nyumba yenye geti harudi kwenye... Mimi naona hatarudi. Mimi naona yule mzee atabaki mle ndani na gari fupi, na sisi huku nje na birika chini, na...

Alikuwa ameipa njia mgongo. Kamusi alimkanyaga mguu. Redio akaendelea, kwa hiyo Kamusi akamkanyaga tena.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya geti. Sikuhitaji kumwona uso. Begi la kahawia lilikuwa begani, na kwenye mkanda nikaona mshono wangu wa uzi mweusi, mbaya kuliko nilivyoukumbuka. Aliweka kiganja kwenye mbao. Akapitisha kidole kwenye kikombe cha kwanza, kisha cha pili, taratibu, kama anayetafuta kama vina joto. Kisha akatugeukia.

— Hamjambo, mashemeji.

Tukasimama wote mara moja, na benchi likayumba.

— Hatujambo, Shemeji. Karibu. Pole na safari.

Kamusi akaanza, "Mgeni njoo," akakumbuka mgeni ni nani, akaimeza methali.

— Hili geti, Shemeji akauliza, linafunguliwaje?

Nikamtazama Redio. Redio akamtazama Kamusi. Miaka ishirini na miwili tumeingia nyumba ile kiubavuubavu, kati ya gari na nguzo, kuchukua chumvi, maji, nyundo, bila kusimama mlangoni hata siku moja. Komeo lilikuwa ndani. Kwa nje hapakuwa na kamba wala tundu.

— Hatujui, Shemeji, alisema Redio. Ngoja nimwite.

Akajaza kifua. Shemeji akainua mkono, naye akakishusha kifua polepole.

Shemeji alishusha begi. Akavuta upande wa kanga. Akagonga mara tatu.

— Hodi.

Grinda ililia. Akagonga tena, si kwa nguvu zaidi.

— Hodi hapa.

Grinda ikanyamaza. Tukasikia kitu kikiwekwa chini, chuma juu ya saruji, halafu nyayo zikija, zikasimama. Sauti ya Mzee Futi ilitoka nyuma ya mbao, kavu, yenye vumbi la rangi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuulizwa hivi kwenye nyumba ile.

— Nani?

Shemeji alikuwa anavitazama vile vikombe.

— Mwenye geti.

Komeo lilikuwa jipya, likagoma. Tulimsikia akihangaika nalo, mtu aliyetengeneza makomeo maisha yake yote, mpaka nikataka kwenda kumsaidia, Kamusi akanishika shati. Lilipofunguka nilimwona kwa muda mfupi sana: rangi kwenye nyusi, rula mfukoni, na miguuni mwake, kando ya kizingiti, viatu vile vya nyumbani vimepangwa vikitazama ndani. Akachukua begi.

Shemeji aliingia, akageuka, akashika geti kwa mikono miwili, akalivuta mwenyewe mpaka likafunga.