Dada Pasi na Mtihani Alioukosa

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo chetu, wahadhiri wetu, Matroni, mama yetu wa hosteli, na nyote mliobanana humu ndani, shikamooni.

KARIBU KWENYE JOTO LETU

Sisi wanachama wa Chumba cha Pasi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua ratiba yako ilisema risala itasomwa ukumbini, kwenye viti vizuri. Ni sisi tulioomba isomwe humu chini ya ngazi za hosteli, kwenye joto na harufu ya nguo zilizoungua kidogo, kwa sababu yote tunayotaka kukueleza yalifanyika kwenye meza hiyo uliyoiegemea. Angalia kiwiko tu, mgeni rasmi, upande huo bado una moto.

TULIKOANZIA

Chuo kilipoleta mpango wa wanafunzi wa miaka ya juu kuwalea wageni, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipewa mlezi aliyefaulu sana. Wazo lilikuwa zuri. Ila kufaulu ni kitu kimoja na kulea ni kingine. Kulikuwa na mlezi mmoja tunamwita Profesa, yupo hapa, atatusamehe. Yeye alikuwa anamkalisha mwanafunzi wake kantini, anamkazia macho, kisha anaanza:

"Haya, tatizo lako nini?"

"Sina tatizo, kaka."

"Hakuna binadamu asiye na tatizo. Fikiria vizuri."

Ikafika mahali mwanafunzi akimwona Profesa kwa mbali anakata kona, bora achelewe darasani. Nani atafungua moyo wake huku anatazamwa kama nyanya inayochaguliwa sokoni?

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu ndiye aliyegundua kwamba humu watu wanaongea bila kuulizwa. Mtu akishika pasi, mikono ina kazi na macho yako chini kwenye kola, basi maneno yanatoka yenyewe. Akaanza kushuka kila jioni. Akiona mgeni yuko peke yake, analeta nguo yake na kusimama pembeni. Nguo zikimwishia, anazirudia zile zile. Ana blauzi moja ya bluu imepigwa pasi mpaka imepauka. Ndiyo maana tunamwita Dada Pasi.

Alitufundisha mambo machache. Mwenzio akilia, usimtazame yeye, tazama shati. Usimuulize swali lile lile mara mbili. Na la mezani huishia mezani.

Matroni mwanzoni hakutuelewa. Alikuwa anasimama hapo mlangoni na funguo zake, "Nyie mnapiga pasi au mnapiga soga?" Dada Pasi anamjibu, "Vyote, mama. Lete kitenge chako." Siku hizi Matroni analeta.

TUNAYOJIVUNIA

Kaka zetu wa hosteli ya jirani walianza kuja kwa sababu pasi yao iliibwa. Ilishapatikana zamani, lakini bado wanakuja. Mmoja wao alikuwa amefungasha virago arudi kwao, maana wenzake chumbani walikuwa wanaiga lafudhi yake kila akifungua mdomo. Leo ni mlezi, na lafudhi ni ile ile. Yupo dada aliyeacha mtoto mchanga kwa mama yake, akawa anaona haya kusema kwamba maziwa yanamuuma darasani. Alilisema hapa. Na Profesa mwenyewe anakuja, mgeni rasmi. Amejifunza kunyamaza, ingawa tunaona kabisa kwamba inamuuma.

YANAYOTUSUMBUA

Soketi ni moja. Pasi mbili zikiwaka pamoja, umeme unakatika ghorofa nzima na tunatukanwa kupitia dirishani. Feni ilikufa. Hizo ni changamoto za kusomwa haraka. Iliyobaki tunaomba tuisome taratibu.

Kuna mwenzetu wa mwaka wa kwanza anaitwa Redio. Jina alipewa darasani kwa utani, maana hasikiki. "Redio, leo tena betri zimeisha?" Alikuwa anacheka nao, lakini kicheko cha mdomoni tu. Hakuna aliyejua kwamba akiitwa asimame aongee, moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi na pumzi inamkata kama mtu anayezama. Alidhani anaingiwa na wazimu. Na nyumbani kwao aliwahi kumsikia mjomba wake akimsema binti wa jirani aliyeanguka kwa hofu, "Yule tena, nani atamtaka?" Basi akafunga mdomo.

Alikuja kuufungua hapa. Siku hiyo alikuwa anapiga pasi shuka, ili asimalize mapema.

"Dada, nikikwambia kitu utaniona chizi?"

"Mdogo wangu, mimi napiga pasi soksi. Chizi ni nani humu?"

Akasema yote. Mwisho akaomba, "Usimwambie mtu. Hata Matroni."

"La mezani, mdogo wangu."

Ikafika siku ya Redio kuwasilisha kazi yake mbele ya darasa. Asubuhi hiyo hiyo Dada Pasi alikuwa na mtihani wake wa mwisho kabisa. Akiwa njiani alimkuta Redio kwenye ngazi za jengo la mihadhara, ameng'ang'ania chuma cha kushikia, hawezi kupanda wala kushuka, na watu wanampita tu. Dada Pasi akaweka begi chini akakaa naye.

"Nenda, Dada. Una mtihani."

"Mtihani hauna miguu. Wewe pumua."

Alikaa mpaka Redio akapata pumzi, akampandisha mpaka mlango wa darasa. Redio akaingia, akaongea. Kwa sauti ndogo, lakini aliongea mpaka mwisho. Jioni akamuuliza Dada Pasi kama aliwahi chumba cha mtihani, akajibiwa, "Niliwahi, usijali."

Hakuwahi. Alikuta mlango umeshafungwa.

Kamati ya mitihani ilipomwita, alisema alikuwa na mwenzake aliyezidiwa. Mwenzako gani? Akanyamaza. Amezidiwa na nini? Akanyamaza. Mgeni rasmi, hatuilaumu kamati. Mtu anayenyamaza mbele ya wakubwa anafanana sana na mtu anayedanganya. Ikaamuliwa kwamba alikosa mtihani bila sababu, kwa hiyo hana haki ya mtihani wa marudio na masomo yake yameishia hapo.

Sisi alituambia anakwenda kupumzika kwa shangazi yake. Tukamwambia salamu kwa shangazi. Tulikuja kujua siku Matroni alipotoa godoro la Dada Pasi nje.

"Wanangu, mwenzenu ameachishwa masomo. Nyie mlidhani yuko wapi?"

Redio alikuwa hapa anapiga pasi sketi. Hakulia. Alisimama tu, pasi imelala juu ya nguo, mpaka sketi ikatoa moshi. Kisha akatoka akampigia Dada Pasi simu.

"Dada, kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Halikuwa langu."

Hapo ndipo tulipoliona kosa, nalo ni letu sote. Tulikuwa na sheria ya kutunza siri, hatukuwa na ya kumtunza anayeitunza. Kila mtu alimwambia Dada Pasi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anamwambia nani. Wala hatukuwahi kufundishana kwamba siri ikikuelemea unaweza kumrudia mwenyewe na kumwambia, mwenzangu, naomba ruhusa. Dada Pasi aliishika sheria kama tulivyoitunga, na tuliitunga vibaya.

MAOMBI YETU

Tunaomba soketi ya pili. Tunaomba pia mshauri nasaha mwenye mafunzo, si wa kuchukua nafasi yetu mezani, bali wa kutushika sisi tunaoshika wenzetu. Kuna vitu vinasemwa humu ni vizito kuliko umri wetu. Tumesikia kwamba chuo kinataka mpango huu uenee hosteli zote. Tumefurahi. Lakini itakuwa ajabu meza zienee kila mahali na aliyeuwasha moto awe amekaa kwa shangazi.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni hili. Mtihani wa marudio unaanza Jumatatu. Tunaomba Dada Pasi aruhusiwe kuufanya. Hatuombi apewe alama. Tunaomba afunguliwe mlango.

Haya tuliyoyasoma, Redio ameyaruhusu mwenyewe. Tulimwambia tunaweza kumficha, tuseme tu "mwanafunzi mmoja". Akakataa. Amesema kamati ilitaka kumjua huyo mwenzake ni nani, basi imjue. Amekaa pale karibu na mlango, amevaa blauzi nyeupe. Anaomba kwamba tukimaliza kusoma, umpe nafasi akueleze kwa mdomo wake.

Mgeni rasmi, huenda pumzi ikamkata katikati. Ikitokea, tafadhali usishtuke, na wahadhiri wetu msimwokotee maneno. Tazameni meza. Atapumua, ataendelea. Sisi tumeshamsubiri mara nyingi, na hajawahi kutuacha bila kumaliza.

Mungu akujalie afya, akulainishie kazi yako nzito, na akurudishe kwetu salama siku nyingine, hata ukiwa na shati tu la kunyoosha. Tunashukuru kwa kutusikiliza. Sasa tunampisha mwenzetu.

Ni sisi watoto wako,
Wanachama wa Chumba cha Pasi