Nyanya Nyeusi za Lugari

Ndani ya basi la kwenda Lugari, Jael, kama alivyojitambulisha kwa abiria wa kando yake, alikuwa akibandua mbegu za nyanya zilizokaukia kwenye gazeti, moja moja kwa ukucha, akizitia katika kisanduku cha kiberiti. Basi lilikuwa limetoka Kakamega, ambako hakuna aliyenunua nyanya zake nyeusi. Alimweleza mama wa kando yake, mwuza mboga wa Matete, kwamba mzungu aliyewaachia shamba Lugari aliacha pia nyumba ya vioo, na humo baridi haiui nyanya. Sasa mumewe amesema zisiponunuliwa, ataigeuza nyumba hiyo banda la kuku.

“Ana haki,” mama akasema. “Nyeusi, dada? Wateja wataona zimeoza. Panda nyekundu.”

“Nyekundu ni maji matupu. Onja hii.”

“Nani anakulanga nyanya mbichi kama embe?” Hata hivyo aliichukua, akaila akinung’unika, akalamba kidole gumba. “Nyekundu,” akaamua. “Hebu nipe nyingine, hiyo sikuisikia vizuri.”

Ya pili ilikwenda vilevile, na ushauri haukubadilika.

Jael alipumua kwa nguvu. “Mama, unazila na kuzikataa kwa mdomo uo huo!”

“Mimi si mteja. Mteja ananunuanga kwa macho.”

Basi liliposimama Matete, nusu ya mbegu ilikuwa bado imeng’ang’ania gazeti. Jael akalikunja. “Hizi nitamaliza kesho,” alisema, “halafu nipande.”

“Nyekundu, dada!” mama akaita kutoka chini alikoshuka, mdomo umejaa nyanya.