Jumatano ya Brashi

Mkabala na lango la mahakama, hatua kama arobaini ukivuka barabara, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukuta wa kinyozi ukiwa ndio egemeo lake. Hapo ndipo kijiweni. Wenyewe ni wanne. Wa kwanza ni Kisigino, fundi viatu, mtu wa maneno machache, anayeketi mwisho wa ubao ili sanduku lake la misumari lipate nafasi. Wa pili ni Redio, kinyozi mwenye ukuta. Wateja wakikosekana hutoka nje na taulo begani, na wasipokosekana hutoka vilevile. Wa tatu ni Mzee Jalada, aliyekuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini, akipeleka samansi kwa miguu, na ambaye mpaka leo huvaa tai siku za kesi ingawa hakuna anayemwita. Wa nne ni Mama Kahawa, mwenye birika na vikombe, anayemwambia kila mtu kwamba yeye hayumo kwenye mabishano, yuko kazini tu. Zamani walikuwa watano. Wa tano ni Brashi, mpaka rangi, mdogo wake Kisigino, tumbo moja. Sasa ni miezi saba yuko rumande kwa pampu ya maji iliyoibwa ghalani, na kijiwe kizima kinaapa hakuigusa.

Alhamisi hiyo asubuhi Kisigino alivuka barabara kutoka mahakamani taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Redio hakungoja aketi.

— Wamemwachia?

— Wameahirisha.

— Tena?

— Tena. Wakili hakuwepo. Hakimu kauliza, karani kajibu wakili yuko chumba namba tano, kwenye kesi nyingine. Hakimu akatazama saa, akasema Jumatatu.

Mama Kahawa alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

— Na Brashi mwenyewe anasemaje, baba?

Kisigino alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Alikuwa amempata mdogo wake kwa dakika mbili tu, kwenye ukingo wa varanda, kabla askari hajamrudisha kwenye gari. Brashi alikuwa amekonda shingo. Kola ya shati ilimzunguka kama ya kuazima.

— Amechoka. Mwendesha mashtaka amempelekea maneno. Akikiri kosa Jumatatu, miezi aliyokaa itahesabiwa ndiyo kifungo chake, atoke siku hiyohiyo. Akikataa, kesi ndiyo kwanza itaanza kusikilizwa, na mwisho wake haujulikani. Ameniambia, "Kaka, nitakubali. Nataka kulala nyumbani."

— Si atoke basi! alisema Redio. Kutoka ni kutoka.

— Atoke akiwa nani? Mpaka rangi anaingia mpaka vyumba vya kulala vya watu. Nani atamfungulia mlango mtu aliyesema mbele ya hakimu, "Ndiyo, niliiba"?

Hilo liliwakalia vibaya wote. Redio alilikunja taulo, akalikunjua. Na kwa kuwa yeye ni mtu asiyeweza kukaa na uchungu ukiwa kimya, aliutafutia mtu wa kuubeba.

— Mimi nilisema tangu mwanzo. Wakili wa bure ni wakili wa bure. Huyo Dada Mafaili nimemwona kwa macho yangu haya, saa ya chakula, meza moja na mwendesha mashtaka. Wanacheka! Wanapeana chumvi!

— Mkahawa ule una meza mbili, alisema Mzee Jalada.

— Basi angekaa ile nyingine.

— Ile nyingine hukaa mahakimu.

Mzee Jalada alikaza tai yake. Aliendelea kwa sauti ileile aliyotumia zamani kuwaambia watu watie sahihi wapi.

— Sikilizeni. Ofisi ya mawakili wanaopangiwa wasiojiweza mimi naijua. Kilikuwa chumba cha mafagio. Wakatoa mafagio, wakaingiza mawakili watano na meza tatu. Mmoja akisimama, mwingine ndipo anakaa. Na kila mmoja ana mafaili mia mbili na hamsini. Ukimpa kila mtu siku moja tu, moja peke yake, mwaka mzima wa kazi umekwisha na hajarudi kwa wa kwanza.

— Mzee, unamtetea?

— Nahesabu tu.

— Basi hesabu na hii, alisema Mama Kahawa, akiinama mbele, birika mkononi. Mimi simo, lakini wiki iliyopita shangazi yangu alikuwa chumba namba tatu, akamwona Dada Mafaili anamsemea mtu. Saa ileile jirani yangu alikuwa chumba namba tano. Akamwona Dada Mafaili anamsemea mtu. Saa ileile! Niambieni.

— Unataka kusema nini, mama?

— Wako wawili. Mapacha. Mmoja ndiye aliyesoma, na wa pili anasimama tu. Sisi tumepewa wa pili.

Siku nyingine Kisigino angecheka. Alitia uzi kwenye sindano, uzi ukapita pembeni, akatia tena.

— Hata mapacha si kitu, alisema Redio, ambaye hapendi kupitwa. Mimi naona hajasoma kabisa. Wanaletwa hapa kujifunzia. Mimi je, nilijifunzia wapi kunyoa? Kwenye vichwa vya watoto wa jirani. Ukikosea, kichwa si chako. Na yale mafaili, nawaambia, ndani ni karatasi nyeupe. Anayabeba ili tusimsimamishe njiani.

— Miezi saba, alisema Kisigino.

Hakusema kwa nguvu, lakini wote walimgeukia.

— Miezi saba tumekaa hapa tukiwasema mawakili. Huyu mimi nilimwona mara mbili. Mara zote alikuwa anakimbia.

Ndipo wakamwona wakili anavuka barabara. Alikuwa mwanamke mfupi, mafaili yamejaa kwenye kikapu cha sokoni, na mengine kayabana kwapani. Kisigino, kwa mazoea ya kazi, alimtazama miguu kwanza. Visigino vimelika upande wa nje, soli ya kulia imeachia mbele. Viatu vya mtu anayeshinda akikimbia kwenye sakafu ya saruji.

— Shikamoo, mzee, alimwambia Jalada. Hamjambo, ndugu zangu. Namtafuta kaka yake mpaka rangi.

— Marahaba, mwanangu. Huyu hapa.

Aliketi bila kukaribishwa, kama mtu ambaye miguu imemwamulia.

— Kaka, nisamehe kwa leo asubuhi. Namba tano nilikuwa na mtu wa kesi ya mauaji, na shahidi alikuwa katikati ya maneno. Nisingeweza kumwacha.

— Sawa, alisema Kisigino. Haikuwa sawa, lakini hakupata neno lingine.

Redio alishindwa kujizuia.

— Dada, samahani. Eti ni kweli mko wawili?

Wakili alimtazama, kisha akacheka kidogo kwa pua.

— Tungekuwa wawili, mmoja sasa hivi angekuwa amelala.

Mama Kahawa alipata ghafla kazi ya kufuta vikombe.

— Nina dakika ishirini, alisema wakili, akatoa faili moja. Lilikuwa na maandishi, tena pande zote mbili za karatasi. Redio alichungulia, akarudisha shingo.

— Kesi hii ilikuwa ya mwenzangu, alisema wakili. Aliacha kazi, mafaili yake tukagawana, hili likanifikia mwezi uliopita. Nilisoma mashtaka, nikasoma maneno ya mlinzi. Mlinzi anasema alimwona mtu mwenye rangi kwenye nguo akitoka ghalani na pampu, Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nane mchana. Ndicho kitu pekee walicho nacho. Jana, nikiwa nakula, nikafika kwenye maelezo ya mdogo wako mwenyewe polisi. Mstari wa mwisho kabisa. Ameandikiwa hivi: "Saa hiyo nilikuwa kijiweni mbele ya mahakama."

Alilifunika faili kwa kiganja.

— Nimepita hapa kila siku.

— Alikuwa hapa! Redio aliruka. Si ndivyo tunavyosema siku zote? Alikuwa hapa!

— Mnasema wapi?

— Hapa.

— Mbona hamkuja kuniambia? Ni hatua arobaini.

Walitazamana. Halafu, mmoja baada ya mwingine, walimtazama Mzee Jalada. Mzee alikuwa amenyoosha mgongo.

— Mimi ndiye niliyewazuia, mwanangu. Shahidi haendi mahakamani kwa miguu yake kama anakwenda sokoni. Anaitwa. Anapelekewa samansi, anatia sahihi. Nimezipeleka miaka thelathini. Nikawaambia, tulieni, samansi zetu zinakuja.

— Baba, alisema wakili kwa upole, samansi naiombea mtu ambaye jina lake ninalo. Nani angenipa majina yenu?

Mkono wa Mzee Jalada ulipanda kwenye tai, ukabaki hapo. Mara ya kwanza tangu Kisigino amfahamu, mzee alionekana ni mtu wa umri wake.

— Sikuja kulaumu, aliendelea wakili. Na mimi nilipaswa kuusoma mstari ule mwezi uliopita. Sasa tufanye kazi. Mnakumbuka alikuwa hapa?

— Tunakumbuka! walisema watatu kwa pamoja.

— Jumatano ile?

— Jumatano, Alhamisi, siku zote! alisema Redio. Angekuwa wapi pengine?

— Hapana, ndugu yangu. Hivyo mwendesha mashtaka atakumaliza kwa swali moja. Atakuuliza, kwa nini unaikumbuka siku hiyo na si nyingine? Kwa hiyo mimi nakuuliza kabla yake.

Alifungua ukurasa mweupe, akaandika tarehe juu, akainua kalamu.

— Jumatano ile, mchana, mlikuwa mnazungumza nini?

Lilikuwa swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeulizwa baada ya mapumziko. Redio alicheka, kwa sababu lilikuwa jepesi.

— Tulikuwa tunazungumza ile mechi. Ile ya penalti.

— Mechi za ligi huchezwa Jumamosi. Jumatano mlikuwa bado mnaizungumza?

— Tunaweza kuzungumza mechi wiki mbili.

— Basi haitusaidii. Mama?

— Mvua, alisema Mama Kahawa. Nadhani mvua. Nilifunika birika na nailoni. Au ile ilikuwa mwezi wa nne?

— Mzee?

Mzee Jalada alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikienda, ikisoma kitu ambacho hakikuandikwa.

— Na wewe, kaka?

Kisigino alitafuta. Alijiona ameketi hapahapa, sindano mkononi, na Brashi kando yake, rangi nyeupe imekaukia kwenye kucha, akichokoza mabishano kisha akikaa pembeni kuyafurahia. Alimwona waziwazi. Lakini alimwona hivyo kwenye kila siku aliyoifungua, na hakuna hata moja iliyokuwa na tarehe.

Redio alimgusa bega, akashusha sauti, kama wakili asingesikia hatua moja kutoka pale.

— Sema mvua. Mama kasema mvua, wewe sema mvua, na mimi nitasema mvua. Tutakuwa watatu.

— Na kama haikunyesha? aliuliza wakili. Kuna watu wanaoandika mvua kila siku. Mwendesha mashtaka atakuja na karatasi yao kizimbani. Waongo watatu watamfunga Brashi haraka kuliko kukosa shahidi kabisa.

Redio aliitazama mikono yake. Mteja alichungulia kutoka dukani, povu mashavuni, akauliza kama amesahaulika.

Dakika zilikwenda. Kwa miaka yote, kijiwe hakijawahi kunyamaza hivyo saa nne ya asubuhi. Walikaa wameinamisha vichwa, watu wanne wanaojua kila kitu, wakiitafuta Jumatano moja.

Kengele ya mahakama ilipogonga, ukurasa bado ulikuwa na tarehe tu. Wakili alisimama, akapachika faili juu ya mengine.

— Jumamosi asubuhi nakwenda rumande. Mdogo wako atataka nimwambie akubali au akatae. Akikubali, kaka, sitamlaumu, na wewe usimlaumu. Lakini nataka nimfikie nikiwa na kitu mkononi. Kitu kimoja kidogo, cha kweli. Nani alipita, nani aliugua, kikombe gani kilivunjika.

— Tutakaa mpaka tukipate, alisema Mzee Jalada. Tutakumbushana.

— Hapana, baba! Wakili alirudi hatua moja. Hicho ndicho msifanye. Mkikumbushana, mtatoka na kumbukumbu moja ya watu wanne, na kizimbani itaonekana imepikwa. Hata kama ni ya kweli. Atakayekumbuka asimwambie mwenzake. Aje kwangu peke yake, kile chumba cha mafagio, kesho kabla ya saa sita.

Alivuka barabara akikimbia, soli ya kulia ikipiga kofi lami.

Mama Kahawa alimimina kahawa iliyobaki, ikatosha vikombe vitatu, na wa nne hakuuliza. Redio alikwenda kummalizia mteja wake, akarudi, akaketi. Mzee Jalada alifumba macho. Kisigino alishika kiatu cha mtu, akakigeuza, akakiweka chini bila kukigusa kwa sindano.

Halafu Redio akakurupuka. Macho yalimtoka. Alimshika Kisigino mkono, akaubana, uso wake wote umewaka.

— Kisigino! Si ndiyo siku ile ambayo—

Kisigino alimziba mdomo kwa kiganja chenye gundi, akakiacha palepale. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

— Usiniambie, ndugu yangu. Nakuomba. Usiniambie.